Kuzibua bomba la maji ya AC, Mtwara mjini: uzoefu wangu

Nimelipa shilingi 45,000 kusafishiwa AC ya chumba kimoja pamoja na bomba lake la kutolea maji, hapa Shangani, na nasema mapema kwamba hela yangu imekwenda mahali pake. Naandika kwa kirefu kwa sababu huku kwetu neno "servisi" limebeba mambo mengi. Wapo wanaochomoa filta wakazikung'uta uani, wakapuliza zile bati za ndani kwa blowa dakika chache, wakadai chao na kuondoka. Huduma niliyoipata safari hii ni nyingine, na tofauti yake yote iko kwenye maji: yanatoka wapi, yanapita wapi, na nani amehakikisha kwa macho kwamba yamefika nje.

Mashine yenyewe ni ya vipande viwili, kimoja ukutani ndani na kingine nje, yenye nguvu ya kupoza ya BTU 12,000. Nyumba tunayopanga ilifungwa AC enzi zile za pilikapilika za gesi, kabla bomba la kutoka Madimba kwenda Dar es Salaam halijakamilika mwaka 2015, wakati wenye nyumba wa Shangani walipokuwa wakiandaa vyumba kwa ajili ya wageni wa makampuni. Kwa hiyo ina umri wake, lakini inapoza vizuri mpaka leo. Shida ilikuwa kuvuja. Lilianza tone kwenye kona ya kushoto ya kava, likawa mchirizi ukutani, rangi ikavimba na kubanduka, halafu godoro likaanza kulowa upande wa kichwani. Anayelala chumba hicho ni mama mkwe wangu. Ni mtu mzima sana, joto la kaskazi linamnyima usingizi, na mto uliolowa usiku wa manane si jambo la kumwambia mzee avumilie mpaka mwisho wa mwezi.

Fundi wa kwanza niliyemwita, ambaye simtaji, alisimama mlangoni, akatazama mchirizi, akasema gesi imeisha, tutoe shilingi 80,000 ajaze. Nilimkatalia palepale, na ningependa kila mwenye AC ajue sababu. Gesi ya AC haitumiki ikaisha kama ile ya kupikia. Inazunguka ndani ya mirija iliyofungwa, kutoka kipande cha ndani hadi cha nje na kurudi, miaka nenda miaka rudi. Ikipungua ujue kuna tundu mahali, na fundi anayejaza bila kutafuta tundu anakuuzia gesi itakayopotea tena. Kingine, gesi ikipungua chumba hakipoi sawasawa, na mara nyingi barafu inaganda kwenye koili ya ndani, yaani ile mirija ya baridi yenye bati. Barafu hiyo ikiyeyuka ndipo maji yanamwagika ovyo. Chumba cha mama mkwe kilikuwa kinapoa barabara na barafu hatujaiona. AC inayopoza vizuri huku inavuja, wa kwanza kushukiwa ni bomba la maji.

Watu wengi hudhani yale maji yamo ndani ya mashine. Yamo hewani. Koili ya ndani inakuwa ya baridi sana, feni inavuta hewa ya chumba na kuipitisha juu yake, na ule unyevu uliomo hewani unageuka matone juu ya zile bati, sawasawa na glasi ya juisi ya baridi inavyotoka jasho mezani. Matone yanashuka kwenye trei nyembamba iliyo chini ya koili, na trei ina tundu la kuingia kwenye mpira wa maji. Katika AC nyingi za ukutani hakuna pampu inayoyasukuma. Yanatoka kwa kuteremka tu. Ndiyo maana bomba likipanda kidogo, likibonyea kidogo au likiziba kidogo, maji yanarudi nyuma, trei inajaa na kufurika kwenye mto wa mtu.

Mashine hii tangu asili yake ilihusu unyevu. Mwaka 1902 mhandisi wa Marekani, Willis Carrier, alibuni mtambo wake kwa ajili ya kiwanda cha uchapishaji huko Brooklyn, ambako unyevu ulikuwa ukiivuruga karatasi na rangi zisikae mahali pake. Kupoza watu kulikuja baadaye. Sisi wa Mtwara tunaishi na unyevu huo kila siku. Kuanzia Novemba hadi Machi upepo ni wa kaskazi, bahari iko hapo, mvua zetu zinaanguka Desemba hadi Aprili, na nguo uliyoanua jioni unaikuta asubuhi imelegea kama haikuanikwa. AC ya ukubwa wa kwetu katika hali hiyo inaweza kutoa lita moja ya maji kwa saa, hata zaidi. Mtu akiiwasha kuanzia Isha hadi Alfajiri, ni maji ya kudekia nyumba nzima. Kwenye mji mkavu wa bara bomba lililobonyea linaweza kukaa miaka bila kukusumbua. Hapa msimu mmoja unatosha.

Fundi wa pili nilielekezwa na jirani. Ni kijana, makazi yake Ligula, anafanya kazi peke yake na pikipiki yenye sanduku la vyuma nyuma. Alipofika alimsalimu mama mkwe kwanza, akaomba godoro na mito vitolewe chumbani kabla hajagusa kitu, na alichonipendeza nacho ni maswali aliyoanza nayo.

"Mama, inapoza?"

"Inapoza vizuri."

"Mmewahi kuona barafu kule ndani?"

"Hatujaona."

"Inavuja ikiwa imewaka muda mrefu, au hata ikiwashwa tu?"

Nilimwambia inaanza baada ya kama saa nzima hivi. Akasema, basi trei inajaa taratibu, tuangalie bomba. Geji yake ya kupimia gesi ilibaki kwenye sanduku. Fundi aliyekuja na geji na akaiacha sandukuni kwa sababu dalili hazikuielekea, huyo mimi namwamini.

Alizima AC kwenye breka ukutani, si kwa rimoti, kwa sababu rimoti inailaza tu mashine huku umeme ungali unafika ndani. Akatoa kava, akatoa filta, na kabla ya kusafisha chochote akaomba chupa ya maji. Akamimina taratibu kama lita moja kwenye trei, akaniita twende nje tukaangalie. Nje, kule mdomo wa bomba unakoishia karibu na mchungwa, ulikuwa ukitoka uzi mwembamba tu, unakatika, unarudi. Tuliporudi ndani trei ilikuwa bado imejaa. "Umeona mwenyewe, mama," akasema. Hakuhitaji kunieleza zaidi, na kwangu jaribio hilo ndilo kiini cha huduma nzima. Limetumia chupa ya maji na dakika chache, na hakuna fundi mwingine aliyewahi kulifanya kwenye nyumba hii.

Usafi wa ndani aliufanya kwa utaratibu. Alifunga turubai la plastiki chini ya mashine, lenye umbo la faneli, maji machafu yakashuka kwenye ndoo badala ya ukutani. Alipulizia koili maji na sabuni laini kwa pampu ya mkono, akifuata mwelekeo wa zile bati ili asizikunje, maana ni aluminiamu nyembamba na zikilala hewa haipiti. Kisha akaosha lile pangaboi refu la mviringo lililoko nyuma, ambalo hukusanya vumbi zito lenye unyevu, kwa brashi ndefu. Maji yaliyojaa ndooni yalikuwa meusi. Ile harufu ya kuvu iliyokuwa inatupokea kila tukiwasha ilitoka humo, kwa hiyo kama AC yako inanuka nguo mbichi, mwambie fundi aoshe na pangaboi, asiishie kwenye filta.

Halafu bomba. Aliachanisha kiungo cha mpira nyuma ya mashine, akatoka nje, akafunga mashine ya kufyonza maji kwenye mdomo wa chini na kuzungushia tambara lililolowa ili hewa isipenye pembeni. Nilimuuliza kwa nini asipulize kwa blowa kama wengine. Akasema ukipuliza kutoka nje, uchafu unarudi juu kwenye trei na ukutani, na ukipuliza kutoka ndani kwa nguvu unaweza kukifungua kiungo kilichomo ukutani usikione. Kufyonza kunautoa uchafu kule maji yaendako. Kilichotoka kilikuwa ukoga wa kahawia, mzito, wenye kuteleza, vipande kwa vipande. Huo hujengwa na vijidudu na kuvu vinavyoishi kwenye maji yaliyosimama pamoja na vumbi linalopita kwenye filta. Pamoja na ukoga ulitoka udongo mkavu: nyigu walijenga ndani ya mdomo wa bomba. Wale nyigu wa udongo wanapenda tundu la ukubwa huo, na msimu ambao AC haiwashwi, kusi ikivuma na watu wanalala na madirisha wazi, wanapata nafasi ya kujenga bila kusumbuliwa.

Wengi wangeishia hapo, bomba limezibuka, wachukue hela. Yeye alimimina maji tena, yakatoka kwa kasi nzuri, lakini trei haikuisha yote. Akachukua pima maji, ile ya waashi ya kupimia usawa, na kuiweka kwenye ule mpira unaopita ukutani nje, juu ya dirisha la jikoni. Hapo ndipo ugonjwa ulipokuwa. Aliyefunga AC hii zamani alitumia ule mpira mweupe wenye mikunjo kwa safari nzima, akaushikilia kwa misumari miwili tu, na kati ya msumari na msumari ulikuwa umelegea na kubonyea kama tumbo. Maji yanasimama kwenye tumbo hilo, ukoga unaota humo, na mikunjo ya ndani inaushika usiende. Jua limeukausha mpira kiasi kwamba alipoubinya ulipasuka mkononi mwake.

Kwa hiyo ushauri wake ulikuwa kuuondoa wote na kuweka paipu ya plastiki ngumu, laini kwa ndani, yenye klipu za karibu karibu. Alinipa bei kabla ya kununua chochote: vifaa, yaani paipu, elbo, klipu na gundi, shilingi 10,000, kazi yote pamoja na servisi, shilingi 35,000. Nikampa ya vifaa, akaenda dukani, akarudi na risiti na chenji. Mteremko aliuweka karibu sentimita mbili kwa kila mita, na akanionyesha kiputo cha pima maji kilivyokaa. Akasema hata sentimita moja kwa mita hufanya kazi, ila kwenye unyevu wetu anapenda kuongeza. Alikagua pia tundu la ukutani, maana nalo lazima lielekee chini kwa nje. Likilalia ndani, hata paipu nzuri haisaidii. Sehemu iliyo karibu na mashine aliivika sponji nyeusi, kwa sababu maji yanayopita humo ni ya baridi na paipu yenyewe inaweza kutoka jasho na kulowesha ukuta ukadhani bado inavuja.

Mdomo wa nje aliuacha wazi juu ya ardhi, kama kiganja cha mkono hivi, akaufunga wavu wa plastiki wa matundu makubwa kwa ajili ya nyigu na mijusi. Matundu madogo, alisema, yenyewe yataziba kwa ukoga. Pia usiutumbukize mdomo ndani ya dumu. Maji ya dumu yakipanda yakaufunika mdomo, hewa inakosa pa kutokea na maji yanakwama njiani. Anayetaka kuyakinga aweke ndoo chini, mdomo ubaki juu ya maji.

Kisha jaribio la mwisho. Alirudisha kila kitu, akawasha, akaiweka nyuzi 18 na kuacha mlango wazi kwa makusudi, ili hewa yenye unyevu wa nje iingie na mashine itoe maji mengi kadiri iwezavyo. Alikaa barazani akinywa chai na mama mkwe kwa muda wa kutosha, akitoka mara kwa mara kuangalia mdomo wa bomba. Maji yalitoka mfululizo. Ukuta ndani ulibaki mkavu, na tangu siku ile haujalowa tena, pamoja na kwamba tumepita kwenye wiki za joto kali na mvua.

Yapo ambayo hayakunifurahisha. Alisema atafika asubuhi, akafika Adhuhuri imekwishaadhiniwa, na simu aliipokea mara ya tatu. Maji machafu ya koili aliyamwaga kwenye sakafu ya uani, ikabidi binti yangu apige deki upya. Na hana karatasi yoyote ya dhamana ya kazi yake. Ana neno lake tu, kwamba likivuja ndani ya miezi mitatu anarudi bure. Kwa mtu wa ofisi au wa nyumba ya wageni anayehitaji risiti ya kazi, hilo ni pungufu kubwa, na nimemwambia. Kwa Mikindani anaongeza nauli, jambo la haki, na kazi za Lindi hufanya akipata kadhaa kwa pamoja. Nampa nyota nne kati ya tano.

Suala la nani alipe, kwa wapangaji wenzangu: nilimpigia mwenye nyumba kabla kazi haijaanza, nikamtumia picha ya ule mpira uliobonyea na ya ukuta uliobanduka. Alikubali nikate vifaa na nusu ya ufundi kwenye kodi, kwa sababu kasoro ilikuwa ya ufungaji. Servisi ya kawaida ameniachia mimi. Picha za kabla na za baada zilinisaidia sana, na fundi mwenyewe ndiye aliyeniambia nizipige.

Kwa matunzo ya katikati, aliniachia mambo machache ambayo nayafuata. Filta tunaziosha kwa maji kila baada ya wiki mbili msimu wa joto, zinakauka kivulini. Filta ikiziba hewa haipiti, na koili inaweza kuganda barafu hata kama gesi imejaa. Mara moja kwa mwezi tunamimina kikombe cha siki nyeupe kwenye trei upande wa tundu, tunaiacha nusu saa, tunafuatisha maji safi. Siki inaudhoofisha ukoga ukiwa bado mchanga. Jiki nimeikataa kabisa ingawa majirani wanaisifu: inakula aluminiamu na shaba za koili, na mtu akiimimina juu ya siki iliyobaki inatoka hewa ya klorini, ambayo ni sumu ya mapafu. Katika chumba cha mzee aliyelala siwezi hata kuifikiria. Rimoti tunaiweka nyuzi 25, madirisha yamefungwa. Chumba kinapoa vya kutosha na umeme wa LUKU unakwenda polepole zaidi.

Maji yenyewe tunayakinga kwa ndoo na kudekia baraza, mengine yanakwenda kwenye mchungwa. Si ya kunywa, yamepita juu ya koili yenye vumbi na vijidudu. Wapo wanaoyatia kwenye betri za magari kwa kudhani ni sawa na yale ya dukani. Yamegusa shaba na aluminiamu na kubeba vumbi, na betri inataka maji yasiyo na madini.

Kwa atakayemwita fundi yeyote, wa Ligula au wa kwingine, mwombe amimine maji kwenye trei mkiwa wote wawili nyumbani, kabla na baada ya kazi, na wewe mwenyewe usimame nje kwenye mdomo wa bomba. Akikataa au akisema haina haja, tafuta mwingine. Muulize pia anafyonza au anapuliza, na kama ana pima maji.

Chumba cha watoto kina AC ya aina hiyohiyo, ila bomba lake limepitishwa ndani ya ukuta na linatokea juu kuliko lilipoingilia. Fundi ameliangalia akasema kusafisha peke yake hakutatosha: ama tundu litobolewe upya upande wa pili, ama ifungwe pampu ndogo ya kupandisha maji. Yeye anashauri tundu, kwa sababu pampu nayo inaziba na inataka umeme. Mwenye nyumba amekubali ukuta utobolewe, na kazi tumeipanga baada ya Idi.